Projekti Si Wimbo

Maneno haya niliyasema jijini Dar es Salaam mbele ya maprodyuza, waimbaji na wanakwaya waliokuja kujifunza kazi za studio. Wengi wamenipigia wakisema foleni iliwakamata, wengine walikuwa kazini. Kwa hiyo nayaweka yote hapa kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

* * *

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi? Naona na akina mama wa kwaya wamekaa mbele kabisa. Karibuni sana, mama zangu. Msidhani leo ni siku ya watoto wa Bongo Fleva peke yao, mengi nitakayosema yanawahusu ninyi kuliko wao.

Nianze na swali. Wimbo wako wa mwisho uko wapi?

Usiniambie uko YouTube. YouTube iko miksi, vyote vikiwa vimekwisha kuchanganywa. Mimi nauliza wimbo wenyewe: kiki yake (ile ngoma ya mguu), besi yake, gitaa lake, sauti ya mwimbaji ikiwa peke yake, kiitikio kikiwa peke yake. Uko wapi?

(Kijana mmoja akajibu: "Uko kwenye laptopu.")

Ahsante. Uko kwenye laptopu, ndani ya projekti. Sasa naomba mikono. Nani hapa anaweza kurudi nyumbani usiku huu, akafungua projekti ya miaka mitano iliyopita, ikafunguka yote, bila kisanduku hata kimoja cha kumwambia kwamba plagini fulani, ile programu ndogo ya sauti inayoingizwa ndani ya programu kubwa, haikuonekana? Mikono juu tuione. Miwili. Na mmoja naona unashuka taratibu.

Ndugu zangu, projekti si wimbo. Projekti ni maagizo tu. Inaiambia kompyuta: chukua ile sampo (kipande cha sauti) iliyoko kwenye folda ile, ipitishe kwenye plagini ile, punguza hapa, ongeza pale. Siku folda inapohamishwa, siku plagini inapogoma, siku laptopu inapoibwa kwenye daladala, maagizo yanabaki hayana wa kuyatekeleza. Projekti si wimbo. Wimbo ni ile sauti iliyokwisha kutoka nje ya programu ikawa faili linalojitegemea.

Au mnadhani haya yanatupata sisi tu, watu wa programu za kupeana kwa flash? Hapana. Mwaka 2002 Apple waliinunua Emagic, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa ikitengeneza Logic, programu ya kurekodi muziki, na Logic ya Windows ikasitishwa. Mwenye Windows yake na kazi zake zote za Logic afanyeje? Akanunue Mac. Mwaka 2017 Gibson walitangaza kwamba wanaacha kuitengeneza Cakewalk, programu nyingine ya aina hiyo, na waliokuwa wakiitumia wakabaki wanaulizana kesho itakuwaje, hadi BandLab walipoichukua mwaka uliofuata. Mwaka 2019 ikaja macOS Catalina, toleo la mfumo wa kompyuta za Mac, ambayo haiendeshi kabisa programu za biti 32, na kila aliyebonyeza kitufe cha kusasisha akaamka na plagini zake za zamani zimekufa. Watu hao walilipia. Walikuwa na risiti! Sasa wewe uliyepewa plagini na rafiki yako chini ya mwembe, una usalama gani?

Upande wa pili kuna faili la sauti la WAV. Microsoft na IBM walilitoa mwaka 1991. Chukua WAV ya miaka ile, iweke leo kwenye FL Studio, kwenye Cubase, kwenye Reaper, kwenye Logic, hata kwenye simu. Inapiga. Haikudai leseni, haikudai plagini, haikuulizi ulikuwa na Windows gani. Ndiyo maana nimekuja na ombi moja: siku wimbo unapokamilika, siku hiyohiyo, kabla hujampigia mtu simu kumwambia "mwanangu sikiliza hii ngoma", toa traki zote, yaani kila ala na kila sauti kivyake, moja moja ziwe mafaili ya sauti. Si wiki ijayo. Si msanii akizidai. Siku hiyohiyo.

Kuna watakaoniambia, "Bosi, mimi nina miksi ya mwisho, inanitosha." Hebu niwape kisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, John Lennon, yule wa Beatles, alikaa nyumbani kwake New York na piano yake, akaimba na kujirekodi kwenye kaseti. Piano na sauti vikaingia pamoja. Desemba 1980 akauawa. Mwaka 1995 wenzake watatu waliobaki wakaichukua kaseti ile, wakaingia studio ili waumalizie wimbo. Wakashindwa, wakauacha. Kwa nini? Ukiipunguza piano, sauti nayo inapungua. Ukiiinua sauti, piano inapanda nayo. Na juu ya vyote kuna mvumo wa umeme. Watu wenye fedha zote zile na mafundi wa kila aina, wameshindwa na kaseti moja! Harrison, mmoja wa wale watatu, naye akafariki mwaka 2001. Ikabidi kusubiri mpaka timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson, wa New Zealand, ilipoifundisha kompyuta kuitambua sauti ya mtu na kuichomoa kutoka kwenye ala. Wimbo ukatoka Novemba 2023, miaka zaidi ya arobaini tangu kaseti irekodiwe.

Najua unachofikiria, wewe wa nyuma uliyetabasamu. "Si siku hizi kuna programu ya kutenganisha, hata kwenye simu ipo?" Ipo. Nami naitumia, nikiletewa wimbo usio na pa kuanzia. Lakini isikilize sauti iliyochomolewa namna hiyo ukiwa na hedifoni nzuri. Ina majimaji. Herufi za "s" na "sh" zimeliwa, na matoazi yananong'ona nyuma ya mwimbaji. Hiyo ni njia ya kuokoa kilichokwishaharibika. Wewe una traki zako nzima leo. Unaziharibu za nini?

Sisi wenyewe tuna kisa chetu, wala si cha mbali. Bendi zetu za dansi kwa miaka mingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu. Bendi inaingia nzima: magitaa, besi, ngoma, tarumbeta, saksafoni, waimbaji mbele ya maikrofoni. Fundi mitambo anasawazisha palepale kwa masikio yake, tepu inazunguka. Mpuliza tarumbeta akiteleza, wote mnarudi mwanzo. Nyimbo zile ni hazina, na mpaka kesho zinapigwa. Lakini ukitaka leo kumsikia mpiga solo wa NUTA Jazz akiwa peke yake, ujifunze vidole vyake, humpati. Hayupo peke yake mahali popote. Wale mafundi hawana lawama, walifanya kazi ya ajabu kwa vifaa walivyopewa. Mwenye lawama ni nani? Ni sisi tulio na traki mia ndani ya laptopu, bure, halafu tunawaachia wajukuu MP3 moja iliyopita WhatsApp mara saba.

Na wala usingoje wajukuu. Wiki mbili tu baada ya wimbo kutoka, redio inataka ile isiyo na neno lile. Kipindi cha televisheni kinataka ala tupu, msanii aimbe juu yake. Tangazo la biashara linataka sekunde thelathini za biti bila kiitikio. Prodyuza wa Kampala anataka vokali afanye rimiksi. Utampa nini?

Haya. Sasa tuingie jikoni. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana ndipo watu wanapoumizana.

Kijana mmoja wa Temeke alinitumia wimbo wake niuchanganye. Kipaji anacho, Mungu amempa. Nikafungua folda, nikayaweka mafaili yote kwenye kompyuta, nikabonyeza kupiga. Jamani! Kiitikio, beti ya kwanza, beti ya tatu na ile "eeeh" ya mwisho kabisa, vyote vikaanza sekunde moja, kama abiria wa Mbagala wanaogombea mlango. Kwa nini? Alikata kila kipande cha sauti pale kinapoanzia, akakitoa hivyo hivyo. Faili halikumbuki kwamba makazi yake yalikuwa dakika ya tatu. Faili linajua mwanzo wake tu.

Kwa hiyo: traki zote zianzie mahali pamoja, mwanzo kabisa wa wimbo, na ziishie mahali pamoja. Hata kama ile "eeeh" inasikika mara moja tu mwishoni, faili lake lianze sifuri, likae kimya dakika tatu, ndipo liseme. Ukimya huo si hasara. Ndio unaomwambia mwenzako sauti hii inakaa wapi. Na wenye singeli nawaomba sana: andikeni kasi ya wimbo kwenye jina la folda. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kompyuta ikiambiwa ibahatishe inaweza kusema nusu yake, na mwenzako akajenga kila kitu juu ya nusu.

Kwenye FL Studio, ambayo naona ndiyo ya wengi hapa, kuna kitu kinawapata watu kimyakimya. Ukitaka kutoa traki, unakwenda kutoa WAV, unaweka alama kwenye "Split mixer tracks". Vizuri. Lakini programu inagawa njia za miksa, haigawi ala. Kama hukuipeleka kila ala kwenye njia yake, zile zote ulizoziacha zikaenda moja kwa moja kwenye masta, ile njia kuu ya wimbo mzima, hazitatoka peke yake. Unafungua folda, unakuta kiki na vokali, halafu unauliza marimba yamekwenda wapi. Hayakwenda popote, yamo ndani ya faili la masta pamoja na kila kitu. Basi kwanza kila ala ipewe njia yake na jina lake. Jina! "Insert 14" si jina. "Besi" ni jina. "Vokali kuu beti 2" ni jina.

Wa Logic, kwenye menyu ya faili kuna sehemu ya kutoa traki zote kwa mara moja. Wa Ableton, unachagua kila traki peke yake pale unapoulizwa unataka kutoa nini. Wa Reaper, unachagua traki kisha unaiambia itoe stemu, yaani mafaili ya traki ulizozichagua. Njia ni nyingi, kazi ni ileile. Ila jihadharini na ile tabia ya kusolo traki moja (kuiacha ipige peke yake), kuitoa, kurudi, kusolo nyingine. Inachosha, ndiyo, lakini shida yake kubwa ni nyingine. Wengi wenu mnaifanya besi ipungue kila kiki inapogonga. Ukiisolo besi, kwenye baadhi ya programu kiki inanyamazishwa, na besi haina tena wa kuipunguza. Faili linatoka na besi ambayo hukuwahi kuisikia ulipokuwa ukichanganya.

Efekti je? Ziachwe au zitolewe? Hapa mafundi wanabishana hadi chai inapoa. Mimi msimamo wangu ni huu. Efekti iliyo sehemu ya utunzi, iache. Kama ile otochuni, kinyoosha sauti, ndiyo sura ya mwimbaji, iache. Kama gitaa umelipasua makusudi, liache hivyo. Lakini mwangwi na kompresa (ya kubana sauti) ulizoziweka ili tu usikie raha wakati wa kurekodi, zitoe, au nipe faili mbili: vokali kavu na vokali yenye nguo zake. Nafasi kwenye diski ni rahisi kuliko safari ya kumtafuta mwimbaji aliyekwisha kwenda Muscat.

Mama zangu wa kwaya, sasa naja kwenu. Kuna kwaya moja ilirekodi albamu, sitaitaja, na studio sitaitaja. Wimbo wa mwisho unafungwa na "Amina" ndefu, sauti nne, ile ya kusimamisha nywele. Albamu ikatoka. Watu wanasikiliza, "Aaa-mi..." Kimya. Imekatwa! Programu iliambiwa isimame pale noti zinapoisha, na mwangwi ulikuwa bado uko hewani. Wazee wa kanisa wakadhani ni CD mbovu, wakarudisha dukani. Programu nyingi zina mahali pa kuziambia zisubiri mkia wa sauti uishe wenyewe. Kwenye FL unaichagulia iache mabaki. Kwenye Logic kuna alama ya kujumuisha mkia. Na usipoiona, vuta mwisho wa eneo la kutoa mbele sekunde kadhaa. Sekunde tano za ukimya hazijawahi kumuua mtu.

Kisanduku cha "Normalize" kiache wazi, usikiweke alama. Kinavuta kila faili lipande mpaka juu kabisa. Wewe ulikiweka kinubi kiwe cha mbali, cha kunong'ona, chenyewe kinakileta sawa na kiki. Uwiano wote ulioutafuta usiku kucha umekwisha.

Kuhusu namba, nitasema haraka kidogo. Toa WAV, biti 24 (za kompyuta hizi, si zile unazogonga). Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya kelele ya chini na kilele, 24 zinakupa kama 144. Programu yako ikikupa 32 za kuelea, chukua bila woga, maana hata sauti ikivuka sifuri haipasuki ndani ya faili, mwenzako anaishusha tu. Na idadi ya sampuli (vipimo vya sauti) kwa sekunde iwe ileile ya projekti. Umerekodi kwa 44,100, toa 44,100. Umerekodi kwa 48,000, toa 48,000. Usipandishe ukidhani unaongeza ubora, hakuna kitu unachoongeza hapo isipokuwa uzito.

Hivi mmewahi kujiuliza 44,100 imetoka wapi? Kwa nini isiwe 40,000, mambo yakaisha? Sikio la binadamu linasikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na hesabu inadai sampuli mara mbili ya hapo na ziada kidogo. Lakini ile 44,100 kamili imetoka kwenye mikanda ya video! Sauti za kidijitali za mwanzo zilihifadhiwa kwenye mashine za video: sampuli 3 kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Pigeni hesabu kwenye simu zenu. Inatoka 44,100. Na kwa video za Ulaya, mistari 294 mara 50, inatoka hiyohiyo. CD ilipokuja mwaka 1982 ikairithi. Video za leo nazo zimeshikilia 48,000, na ndiyo sababu watu wa video na watu wa muziki hugombana.

Wanagombana vipi? Faili la 44,100 likisomwa na kifaa kinachodhani ni la 48,000, linakwenda mbio. Wimbo wa dakika 4 unaisha kwa dakika 3 na sekunde 40, na sauti inapanda karibu nusu-tuni tatu nzima... samahani, nusu-tuni moja na nusu. Mtu mzima anaimba kama mtoto wa chekechea, na midomo kwenye video imeachwa nyuma. Programu nyingi za leo zinalishughulikia zenyewe, lakini muulize mtu wa video kabla, swali moja tu: "Unataka ngapi?"

Uzito nao usiwashangaze. WAV ya stereo ya biti 24 na sampuli 48,000 inakula megabaiti 17 na kidogo kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 30 za namna hiyo ni kama gigabaiti 2. Bando lako linalia, najua. Lakini kiki, besi na sauti ya mtu mmoja hazihitaji stereo. Zitoe mono, kila moja inakuwa nusu. Zifunge kwenye zip. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, usitume kama wimbo. Ukibanwa zaidi kuna FLAC, inapunguza uzito bila kupoteza hata sampuli moja.

Lakini si MP3. Nasema tena: si MP3. Sina chuki nayo. Ni kazi ya akili kubwa. Karlheinz Brandenburg na wenzake kule Ujerumani walitumia miaka kujua sikio la binadamu halisikii nini, ili wakitupe. Brandenburg alijipimia kwa sauti ya Suzanne Vega, mwimbaji wa Marekani, akiimba bila ala yoyote, kwa sababu sauti ile tupu ilikuwa inaharibika vibaya kuliko muziki mzima. Sasa tafakarini hapo. MP3 inatupa vitu kwa kutegemea kwamba vingine vitavifunika. Ukimpa vokali tupu, hakuna cha kufunika! Halafu MP3 huongeza kipande kidogo cha ukimya mwanzoni, sehemu ndogo ya sekunde, kinachotosha kuiondoa sauti kwenye mapigo. MP3 ni ya kusikiliza. Kwenye kazi haina nafasi.

Sasa nije kwenye masta, ile hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo utoke, na hapa nitawataja wakubwa. Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu yao Death Magnetic. Nyimbo zilezile zikatolewa pia kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero. Mashabiki wakasikiliza zote mbili, wakashangaa: za kwenye mchezo wa watoto zilisikika safi kuliko za kwenye CD! Ngoma zinapumua, magitaa hayapasuki. Ilikuwaje? Mchezo ulipewa traki kabla hazijasukumwa hadi ukutani. CD ilipata zilizosukumwa. Lawama zikamwangukia Ted Jensen, aliyefanya masta, naye akaeleza kwamba miksi zilipomfikia zilikuwa zimekwisha kubanwa. Afanye nini? Sauti iliyokatwa vichwa haioti vichwa vingine.

Ninyi nanyi mna limita, ile ya kuzuia sauti isivuke juu, kwenye masta, sivyo? Mnaiweka tangu mwanzo ili biti "ipige". Nimewaelewa, msanii amekaa pembeni, anataka kusikia nguvu. Lakini ukitoa traki, izime. Ikibaki, kila traki inaweza kupita kwenye limita ikiwa peke yake, ikabanwa kivyake, na ukizirudisha pamoja zisijumlishe kuwa miksi uliyoisikia. Na ile miksi nzima unayompelekea mtu wa masta, mwachie nafasi juu, desibeli chache. Fundi cherehani anayejua kazi huacha upindo ndani ya suruali ya shule. Desibeli zako ni upindo huo.

Na hizi mbio za nani ana sauti kubwa zinatupeleka wapi? Spotify wanasawazisha nyimbo kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri. Ukiwapelekea wimbo uliobanwa hadi 7, wanaushusha wenyewe, unakaa sawa na wa jirani, ila wa kwako umekwisha kupoteza pumzi. Umepata nini?

Baada ya kutoa kila kitu, hujamaliza. Fungua projekti mpya, tupu. Ingiza mafaili yote, yaanzie sifuri, usiguse fada (kile kitelezi cha sauti) hata moja. Piga. Unasikia wimbo wako? Kila kitu kipo? Ukitaka uhakika zaidi, iweke na miksi uliyoitoa bila limita, igeuze fezi (mawimbi yake yapinduke, juu kuwa chini), uzipige pamoja. Zikiuana zikabaki kimya, traki zako ziko sahihi. Kikibaki kitu kinalialia, ndicho ulichokisahau. Efekti zinazobadilika ovyo kila zinapopiga zitaacha masalia kidogo, hizo zisikutishe. Lakini ukisikia kinanda kizima kinaimba hapo, rudi.

Halafu weka nakala mbili, sehemu mbili. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka Universal Studios, Hollywood, ukala ghala lililokuwa na tepu za masta, na dunia ilikuja kujua uzito wa hasara ile mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoandika. Kampuni kubwa kama ile. Wewe una diski moja, juu ya friji.

La mwisho ni fedha na haki, na hili nalisema kwa wasanii zaidi kuliko kwa maprodyuza, maprodyuza mnisamehe. Kabla hujaingia studio, muulize mwenye studio: tukimaliza, napewa traki au napewa miksi tu? Bei ni ileile au kuna nyongeza? Iandikwe. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini ugomvi mwingi ninaouona hausababishwi na sheria. Unasababishwa na watu wawili waliopendana siku ya kurekodi wasiseme neno, wakaja kulisema siku wimbo ulipoanza kuingiza hela. Prodyuza anayedai alipwe kwa kutoa traki vizuri hadhulumu mtu, ni kazi ya saa kadhaa. Ila aliseme bei yake mapema. Na msanii aliyelipa apewe folda yenye majina, yenye kasi na ufunguo wa wimbo, asipewe "Insert 14".

Nimeambiwa muda umekwisha na jenereta lina mafuta ya saa moja. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Wenye laptopu sogeeni hapa mbele, tutatoa projekti moja pamoja, hatua kwa hatua. Tuanze na yule dada mwenye fulana ya njano, ambaye tangu mchana ananiambia besi yake haitoki. Dada, fungua miksa tuone umeipeleka njia ipi.